Nilijua Kilichokula Betri, Nikamsingizia Fundi

Mwenye makosa ni mimi. Naanza hapo ili usije ukanihurumia katikati halafu ukajuta. Fundi hakukosa, betri haikukosa. Kosa lilikuwa langu na la kopo dogo la ugoro.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, upande wa Kathonzweni. Nina gari kuukuu ambalo tumezeeka nalo pamoja. Mwaka jana nilisimama mbele ya kanisa, bila kusukumwa na mtu, nikatangaza kwamba nimeachana na ugoro. Watu wakapiga makofi, mke wangu akalia kwa furaha.

Nilivumilia siku nne! Siku ya tano nilinunua kopo jipya sokoni, nikalificha kwenye kile kisanduku cha dashibodi, mbele ya kiti cha abiria.

Kopo lilikuwa nene kidogo. Mfuniko wa kisanduku ukawa haufungiki vizuri, unabaki na mwanya mwembamba, na kile kitaa cha ndani kinachowaka ukifungua kikawa hakizimi. Betri yenyewe ilikuwa imechoka. Kila asubuhi nikizungusha ufunguo, gari kimya.

Nikamwendea fundi wa umeme wa magari pale sokoni. Nitamwita Musyoka, ingawa si jina lake. Tulisoma darasa moja, tukaiba maembe pamoja. Akazima kila kitu, akaunganisha mita kwenye betri, akaona kuna kitu kinanyonya umeme. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku jicho liko kwenye mita. Alipochomoa ya taa za ndani, mshale ukalala. Akakagua taa ya paa, ya buti, akakagua redio. Pakabaki mahali pamoja tu.

"Mwalimu, fungua hapo."

"Hapo hakuna taa," nikamwambia. "Na ufunguo wake ulipotea."

Akaniamini! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa siku tatu aling'oa mazulia, akafuata waya kutoka mbele hadi nyuma, akakuta kiota cha panya na kipande cha chaki. Mimi nimekaa kwenye kigoda, namwelekeza pa kutafuta.

Utaniuliza kwa nini sikulitoa hilo kopo. Ningeliweka wapi? Mke wangu hunusa mifuko ya makoti yangu. Tena nilijiambia kwamba betri ikipona ghafla, Musyoka atajua. Mtu akishaanza ujinga huwa anaupangia hoja.

Watu wakaanza kuuliza mbona gari la mzee husukumwa kila Jumapili. Nami, shetani wa haya akanishika, nikasema kwenye ushirika wa wanaume kwamba tangu Musyoka aguse gari hilo, halijapona. Nikaongeza kwamba siku hizi mafundi hutoa kitu kizuri, wanakurudishia kibovu. Sikumtaja kwa wizi, lakini kila mtu alimaliza sentensi mwenyewe. Mchungaji akaweka mkono kwenye boneti akaikemea roho ya giza, ilhali shida ilikuwa mwanga!

Baada ya mwezi mmoja kibanda cha Musyoka kilikuwa hakina hata pikipiki. Nilikuwa nikipita hapo nikitazama upande wa pili.

Halafu mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kyuso. Sasa, kwetu Ukambani mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa mbali. Hamkai karibu, hamshikani mikono hovyo. Lakini goti lake halikunji, na kiti cha nyuma kilikuwa na mke wangu na magunia ya ndengu alizotuletea. Baada ya ibada ikabidi akae mbele, kando yangu. Nikajikunja kwenye mlango wangu kama mtoto aliyeadhibiwa.

Gari halikuwaka, bila shaka. Wanaume wakaja kusukuma, na wa kwanza kufika alikuwa Musyoka. Mtu niliyemchafulia jina! Aliweka bega kwenye fremu ya dirisha la abiria bila kunisalimia.

Gari likashtuka, likawaka, na ule mshtuko ukafungua kisanduku. Kopo likaanguka kwenye mapaja ya mama mkwe. Nikasimamisha gari. Kitaa kikabaki kinang'aa mbele ya macho ya Musyoka.

"Kumbe taa iko," akasema polepole.

Mke wangu akauliza kutoka nyuma lile kopo ni la nani. Mchungaji alikuwa ameshafika dirishani, na nusu ya kanisa nyuma yake. Mama mkwe akanitazama mara moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimwoe binti yake, kisha akalifunika kopo kwa leso.

"Ni langu, watoto wangu. Uzee uko na mambo."

Nami nikanyamaza! Nikamwacha bibi wa miaka themanini aombewe hapo hapo, akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu kwa dhambi yangu.

Walipoondoka, Musyoka aliingiza mkono kwenye kisanduku, akachomoa kile kitaa, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Sasa hapo ni giza, Mwalimu. Weka chenye unataka."

Sikulala vizuri tena. Wiki ya tatu nikajikaza, nikasimama mbele ya kanisa nikakiri yote: kopo ni langu, Musyoka hana hatia. Unajua walifanya nini? Walisimama wakanipigia makofi! Mchungaji akasema hawajawahi kuona mkwe anayejitwika dhambi ya mama mkwe wake kwa heshima kiasi hicho. Kadiri nilivyoapa, ndivyo walivyozidi kunisifu. Mke wangu alilia tena kwa furaha.

Nilipotoka nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda. Kilikuwa kimefungwa. Jirani yake akaniambia amehamia mjini Wote, kwa sababu huku hakuna anayemwamini tena na gari lake.

Ndiyo maana naandika hapa, maana mdomo wangu umeshindwa. Ndugu zangu, fundi akikuambia fungua hapo, fungua, hata kama ndani mna aibu yako yote. Na usimtupie mwenzako uongo ukidhani utauokota baadaye. Hautarudi mkononi.

Mama mkwe amenitumia ujumbe kwamba lile kopo limeisha, niandae jingine. Nitampelekea, ni haki yake. Gari nalo linawaka kila asubuhi, mara moja tu, na kila likiwaka naona aibu.