Chupa Iliyokaa Mtungini

Miaka ile ya wakimbizi, baada ya kumaliza kidato cha nne, niliajiriwa Kigoma na daktari mtafiti wa dawa za macho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameyatoa kwa presha ya macho, ugonjwa unaokula nguvu ya kuona polepole, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Alikuwa akilinganisha dawa mbili za matone. Chupa zilifanana, hata yeye hakujua ipi ni ipi mpaka mwishoni, atakapolinganisha namba zilizobandikwa kwenye chupa na orodha yake. Mimi nilishika daftari na kuwaelekeza wagonjwa: tone moja kila jioni, na chupa ikae pabaridi.

Pabaridi, kwa watu wanaoishi chini ya bati na turubai. Hakuna aliyejiuliza, mimi nikiwemo.

Mama mmoja kutoka Kongo, mwanika dagaa wa ufukweni Kibirizi, alikuwa ameshapoteza jicho la kulia. Amebaki na la kushoto, na kwa dawa ile presha yake ilikuwa imeshuka vizuri. Mwezi wa tatu alileta chupa ikiwa nyeupe tupu, karatasi yenye namba imebanduka yote. Nikamuuliza ameifanya nini.

"Ulisema fasi ya baridi, baba. Kwangu baridi iko mu mtungi tu."

Alikuwa ameifunga uzi shingoni na kuizamisha kwenye maji ya kunywa, akiwakataza watoto wasiiguse. Sikuwa na mgonjwa mwingine aliyetii maelekezo kama yeye.

Daktari akasema chupa isiyo na namba imeharibika, na mwenye nayo anatoka kwenye utafiti. Nikamwonyesha namba ya mama daftarini, nikamwambia kosa ni langu, na chupa zake nyingine zimo sandukuni. Alinisikiliza kwa upole, jambo lililonikera zaidi, kisha akasema akimwachia mmoja, kazi yake yote haitaaminika. Nimpe cheti akanunue dawa. Anunue wapi? Hakuna duka la Kigoma wala Ujiji lililokuwa nayo, na mkimbizi hakuruhusiwa kupanda treni bila kibali.

Akaniambia niandike mbele ya jina la mama, ili kosa lisionekane kwenye ripoti: hakurudi kliniki.

"Daktari, yule pale kwenye benchi."

"Andika."

Nikaandika.

Mama alirudi Jumatatu iliyofuata, na nyingine nyingi, kitenge safi, akinisalimia mimi kwanza. Mwaka haukuisha akaanza kuja ameshikwa mkono na binti yake. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akauliza kama chupa yake imepatikana.

Nimehama miji mingi tangu hapo, na kila nikiikumbuka Kibirizi kwa hamu naishia kwenye benchi lile. Daktari alipanda cheo. Sitamnyima sifa: wapo wanaoona leo kwa sababu ya kazi yake. Lakini katika hesabu zake yupo mwanamke ambaye eti hakurudi, na mwandiko ni wangu.