Siku za Kufunga kwa Ajili ya Radi

Radi ilishuka kwenye dohani ikamuua Jabezi Thorne akiwa ameketi kando ya moto, bakuli la uji wa mahindi mapajani. Mkewe, Mehitabeli, alikuwa mlangoni akiingiza kuni zisilowe. Kishindo kikamwangusha, akazimia; alipozinduka alimkuta mumewe bado ameketi, kiatu kimoja kimepasuka.

Kijijini kwao, pwani ya Massachusetts, koloni la Waingereza huko Marekani, hakuna aliyeuliza radi ni nini. Ilikuwa sauti ya Mungu. Walichouliza ni Mungu alikuwa akisema na nani. Mchungaji akatangaza siku ya kufunga, na Mehitabeli akakaa kanisani macho yote yakimchoma mgongoni.

Walipotoka, jirani yake Kezia Pool alimfuata.

"Dada, nakuuliza kwa upendo. Hakuna jambo mlilolificha pale nyumbani?"

"Jambo gani?"

"Wewe ndiye unayejua. Jabezi aliwahi kukusanya nyasi siku ya Sabato."

"Mvua ilikuwa inakuja. Na ng'ombe wenu walizila."

"Mimi nakuombea tu."

"Haya. Niombee."

Majira yote ya baridi Mehitabeli alikamua ng'ombe, akapasua kuni, huku akizichambua dhambi zake moja moja, asipate iliyolingana na kifo kile. Mwishowe akachoka hata kutafuta.

Kiangazi kilichofuata radi ikapiga ghala la akina Pool. Dorkasi, binti wa Kezia aliyekuwa karibu kuolewa, alikuwa amejibanza humo kukwepa mvua, akafa papo hapo. Mehitabeli alipopata habari alimaliza kukamua, akachukua kitambaa safi, akaenda. Watu walisimama uani wakinong'ona. Ndani, Kezia alikuwa sakafuni.

"Umekuja kuniuliza?"

"Nimekuja kumwosha."

Wakamwosha pamoja. Begani pa binti palikuwa na alama nyekundu zilizotawanyika kama matawi.

"Ni maandishi haya?" Kezia akauliza. "Yanasema nini?"

Mehitabeli aliyatazama kitambo.

"Sijui, dada. Nishikie mkono wake, nimwoshe huku."

Siku ya kufunga ikatangazwa tena. Mehitabeli alikaa na Kezia benchi moja, na mahubiri yalipokuwa marefu usingizi ukamchukua. Mzee wa kanisa akaja na ile fimbo yake ya kuwaamshia wanaosinzia. Kezia akamtazama mzee, akatikisa kichwa. Mzee akasita, kisha akapita.