Kofia Nyeusi Hajazikwa

Juzi mjukuu wangu aliniwashia runinga akanitafutia picha za kizungu za zamani, zile zisizo na rangi, maana anajua bibi yake ana ugonjwa nazo. Nikakaa na sahani yangu ya korosho. Haukupita muda akatokea mwanamume wa kofia nyeusi juu ya farasi, akapigwa risasi, akaanguka vumbini, na wenzake wakaendelea na mazungumzo yao. Nikajikuta nimesimama. "Hajazikwa huyo!" nikasema kwa sauti, na mjukuu wangu akacheka mpaka akamwaga chai. Simlaumu. Hakujua kwamba maneno yale si yangu, ni ya bibi yangu mzaa baba, na kwamba yalianza kusemwa hapa hapa Kibiti, enzi za Mwingereza.

Nikwambie mapema, ndugu yangu, ili tusije tukagombana: picha za Holiwudi nimezitazama maisha yangu yote na ninazipenda, lakini kuziamini, hata siku moja. Mtu gani apigane ngumi kutoka chumbani hadi uani na nywele zake zibaki zimechanwa? Wanawake wao wanalia bila makamasi. Wanaamka alfajiri midomo imekwisha pakwa rangi. Mvua yao nayo ina adabu ya ajabu, hungoja watu wawe wanaagana ndipo inyeshe. Na yule shujaa anayemchekea kila mtu, mimi namtazama mikono, kwa sababu anayekuchekea kabla hajakujua ana lake jambo. Mwovu ndiye ninayemwamini. Akiingia mlangoni unajua amefuata nini, na ukiniuliza mimi, waliokuwa mafundi wa kazi ile ni wale waliocheza uovu. Shujaa angeweza kuwa yeyote mwenye kidevu kizuri.

Macho haya ya kushuku niliyarithi kwa bibi. Nyumbani tulikuwa watatu, bibi, mama na mimi. Baba alikuwa mkata boriti huko kwenye mikoko ya delta, mpaka siku jumbe alipopita na orodha ya majina, naye akachukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Bibi hakuwa na mtoto mwingine. Kutwa alikaa ukumbini akisuka mikeka, na kazi yangu ilikuwa kumlowekea ukili na kuugeuza juani usikauke upande mmoja. Nyuma ya nyumba mama alitwanga mpunga. Nikifumba macho sasa hivi nausikia ule mchi, na harufu ya mabibo yaliyoiva inanijia puani.

Gari la sinema lilikuja mara ya kwanza msimu wa mabibo hayo. Jumbe alipiga mbiu kwamba baada ya magharibi watu wote wafike uwanjani, Serikali imeleta picha, na kuzitazama ni bure. Hilo neno bure ndilo lililowatia watu hofu. "Sindano yenyewe hawajatupa bure," bibi alisema, "watatupa picha?" Jirani yetu alikuwa na hakika kwamba ni mumiani: ile taa inakulaza usingizi, wanakunyonya damu, asubuhi unaamka mwepesi hujui kwa nini. Wengine walisema tunakusanywa ili wapatikane vijana wengine wa kupeleka vitani. Lakini jumbe alikuwa akiangalia nani amebaki nyumbani, kwa hiyo tulikwenda. Bibi alitandika mkeka nyuma kabisa ya watu, karibu na barabara, akajifunga kanga kiunoni kwa kukimbia, akaniambia nimkalie mguu ili nikichukuliwa ajue.

Kwanza walituonyesha namna ya kung'oa na kuchoma mabua ya pamba, jambo ambalo kila aliyekuwepo alilijua kuliko mpiga picha. Halafu wakaja wale wa farasi. Mfasiri alisimama pembeni ya gari na kipaza sauti. Mzungu wa kwenye picha alisema maneno mengi, akanyoosha kidole, akasema tena, na mfasiri akatuambia, "Anasema ondoka." Bibi akaguna. "Maneno yote yale ni ondoka tu? Mengine kayaweka wapi?" Ilipofika mwisho, shujaa akampiga risasi adui yake, mtu mrefu wa kofia nyeusi na kovu la kidevuni. Bibi akasema inna lillahi. Kisha akangoja. Nami nikangoja, bila kujua tunangoja nini. Shujaa akamshika mwanamke wake, muziki ukalia, kitambaa kikabaki cheupe.

Watu walipokuwa wakikung'uta mikeka yao, bibi alinishika mkono tukaenda mpaka kwenye gari.

"Baba, na yule maiti je?"

"Maiti gani, bibi?"

"Wa kofia nyeusi. Hajazikwa. Hata macho hawakumfumba. Mwambie Bwana Shauri, mtu mwovu naye huzikwa."

Mfasiri alijibu kwamba atamwambia, lakini alikuwa akicheka, na bibi alimwona. Tukashika njia ya nyumbani. "Maiti wao wenyewe wanamwacha juani," akasema. "Wa watu watamfanyaje?" Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, lakini nilielewa kwamba anamfikiria baba.

Baada ya mavuno ya mpunga tarishi alileta barua kutoka kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya kule Utete, na jumbe akaja kuisoma ukumbini kwetu. Ilisema baba amefia Bama. Mama alipiga ukelele mmoja tu, wanawake wakamwingiza ndani, wakamvalisha kaniki, akakaa eda: hapaki wanja, hatii mafuta nywele, hatoki nje, miezi minne na siku kumi. Bibi hakulia. "Karatasi," alisema. "Aliyeona ni nani?" Mwalimu wa chuo, yule aliyetufundisha Kurani, alimbembeleza sana mpaka akakubali baba asaliwe sala ya ghaibu na hitima isomwe. Alikaa katika hitima ya mwanawe akiwa amekunja uso, kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Mwezi wa tatu wa eda gari likaja tena. Mama alibaki ndani. Mimi na bibi tulikaa pale pale nyuma. Katikati ya picha akaingia mwenye duka mmoja, kavaa aproni, kafuga masharubu. Nilimtambua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa lile kovu. "Bibi," nikasema, "Kofia Nyeusi!" Na wengine nao wakaanza, yule, yule si alikufa, uwanja mzima ukavurugika, mfasiri akanyamaza kwa kicheko. Bibi alisimama. Hakusubiri mwisho. Alitembea upesi hivi kwamba ilinibidi nikimbie, na mkeka wetu nikausahau.

Asubuhi alimfungulia mama mlango wa chumba. "Toka, mwanangu. Oga, vaa nguo zako. Mumeo yu hai." Akamweleza moja kwa moja, bila papara. Watu walioleta barua ndio hao hao wenye gari. Walituonyesha mtu anakufa, tukamwona kwa macho yetu, kumbe wamemficha, na sasa anauza duka. Kama wanaweza kudanganya kifo kilichoonekana na mji mzima, watashindwaje kudanganya kisichoonekana na mtu?

Mama akanigeukia mimi. "Ulimwona?"

"Nilimwona, mama. Ni yule yule. Ana kovu."

Sikusema uongo. Lakini nilisema kwa furaha kubwa, maana niliona ni mdomo wangu uliomfufua baba. Mama alinitazama, kisha akaenda kuoga.

Mji ulisema ulivyotaka. Mwalimu wa chuo alikuja kavimba. "Mama, eda haivunjwi kwa sinema!" Bibi akamjibu, "Na mtu hafi kwa karatasi, mwalimu." Ndugu za mama walitoka Chumbi kuja kumchukua. Siku za sheria zilikuwa zimetimia hata hivyo, na huko kwao kulikuwa na mtu mwema anayemtaka. Bibi aliwapikia wali wa nazi na kambale, wakala wakashiba, akawaambia mke wa mtu hatolewi posa. Wakamgeukia mama aseme mwenyewe. Mama akasema anabaki. Nilidhani anaamini kama mimi.

Vita vilipokwisha, askari mmoja wa Umwe aliyekuwa pamoja na baba alikuja kutupa pole. Vidole viwili vya mkono wa kushoto hakuwa navyo. Bibi alimkaribisha vizuri, akamngoja ale, anywe maji, ndipo akasogea mbele yake.

"Mwanangu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ulimwona akianguka, au ulimwona akizikwa?"

Yule bwana akatazama mkeka. Mchi wa mama kule nyuma ulikuwa umenyamaza. "Nilimwona akianguka," akasema.

"Alhamdulillahi!" bibi akapiga makofi. "Hata Kofia Nyeusi tulimwona akianguka."

Mgeni kwetu hawezi kuondoka peke yake, na bibi akanituma nimsindikize mpaka njia kuu. Tulipofika penye mikorosho ya mwisho alisimama akaniuliza Kofia Nyeusi ni nani. Nikamweleza. Hakucheka. Akasema hizo picha walionyeshwa hata wao kambini, na kwamba wale watu hawafi, ni kazi yao kuanguka, bunduki zao zinatoa moshi mtupu, na jioni wanakwenda kula.

"Na Bama?" nikauliza.

"Bama, binti yangu, risasi zilikuwa risasi." Akafuta uso kwa ule mkono mbovu. "Baba yako nilimzika mimi. Nilimfumba macho, nikamwelekeza kibla kwa kukisia. Nilikuja kumwambia mama yake, na nilipomwona nimeshindwa. Mwambie mama yako."

Nilirudi nyumbani na ule ujumbe, nikakaa nao siku tatu. Nilimshuku yeye, si maneno yake. Nilijiambia mtu asemaye hili ukumbini na lile njiani ni mwongo, na uongo wa njiani ndio mkubwa zaidi. Ukweli ni kwamba nilimtaka baba yangu. Siku ya nne nilikuwa nampepetea mama mpunga nikauweka ungo chini. Nikamwambia yote, mpaka ile habari ya kibla. Mama hakusimamisha mchi.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ya barua."

"Sasa kwa nini…"

"Usimwambie bibi yako. Yeye alikuwa na mmoja tu. Mimi ninaye wewe."

Akaendelea kutwanga. Sikumwambia bibi, wala mtu mwingine.

Mama alingoja hivyo misimu sita ya mpunga. Alimngojea mtu ambaye yeye mwenyewe alijua hatakuja, ili mtu mwingine aweze kumngojea kwa raha. Waliokuja kumposa aliwarudisha, na yule mwema wa Chumbi mwishowe akaoa kwingine. Bibi naye akawa mpenzi wa sinema kuliko wote Kibiti. Gari likija alikuwa wa kwanza uwanjani, na sasa alikaa mbele. Mashujaa hawakumshughulisha. Alitazama watu wa nyuma, wale wanaopita barabarani na kubeba mizigo wakati wakubwa wanazungumza, akiwahakiki mmoja mmoja. "Kama wamemficha," aliniambia, "atakuwa humo." Nilimshika mkono, nikamsaidia kutafuta, huku nikijua. Mpaka leo nikitazama picha ya zamani macho yangu hukimbilia kwa wapita njia, na naweza kukwambia kwamba wengi wao walikuwa waigizaji bora kuliko waliomulikwa taa.

Bibi alikufa wakati wa masika, barabara ya Bungu ikiwa haipitiki, na ndugu wengi hawakuwahi mazishi. Tulimzika vizuri. Waliokuja kuzika walipotawanyika mama aliingia chumbani, akatoa ile kaniki sandukuni, akaivaa, akakaa chini. Mwalimu wa chuo alimwambia kutoka nje ya mlango kwamba eda yake ilikwisha miaka mingi, sheria haimdai hata siku moja. "Sheria naijua, mwalimu," mama akasema. "Niacheni nimlilie mume wangu." Akalia kwa sauti, miezi minne na siku kumi, nami nikampelekea maji na kumfungia mlango. Alipotoka nje mchana ule niliona kwamba ana mvi.

Watu wa umri wangu tukikutana huuliza vimekwenda wapi vitu vyetu, lile gari, ule uwanja uliojaa maduka sasa, mikeka ya ukili, mfasiri na ondoka yake. Mimi huitikia tu. Kitu ninachokitafuta ni ile miaka sita, na kila nikiitafuta namkuta msichana mwenye furaha anasema nilimwona, ni yule yule. Mama hakuolewa tena. Nilimwuliza mara moja, nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, kama alijuta. Alisema wale waliomtaka walikuwa wamekwisha kuwa wazee, akaniomba nimsogezee ungo.