Kadi ya Dabo

Mpishi wetu wa pilau hapa Landover, Marekani, hajui kutulia. Akikaanga vitunguu, mguu mmoja unapigapiga sakafu. Akiongea nawe, mkono unafuta meza aliyokwisha kuifuta. Ana wanaume wawili, wanajuana, na wala hafichi. Da Euphrasia, anayemkatia kachumbari, akisema hizo ni siasa za Kimarekani, anamjibu, "Siasa gani? Nimezaliwa hivi." Sekou, mwalimu Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni, akimtetea kwamba ndiyo hulka yake, anamgeukia na mwiko: "Hulka nini! Nimechagua mwenyewe, kama ninavyopiga kura." Nimemsikia akibadilisha jibu mara tatu kabla maji ya pilau hayajakauka.

Kwenye harusi ya jirani yetu Vaileth hakupika, alialikwa. Mimi nilikuwa mlangoni nakagua kadi. Kamati ilimpa dabo, kadi ya kuingiza watu wawili, yeye na mwenzake. Akaja na wanaume wake wote wawili, suti zimenyooka. Nikaitazama kadi, nikamtazama yeye. Nilidhani atanifokea. Akaniwekea kadi mkononi, akawasukuma wao ndani, kisha akazungukia mlango wa jikoni na gauni lake refu la sherehe.

Nilipofuata soda jikoni nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, anasugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Wamekaa meza moja?"

"Moja."

"Wanaongea?"

Nikachungulia ukumbini. "Wanacheka."

Mikono yake ikasimama ndani ya povu.

"Bila mimi?"