Bata Mzinga wa Baba

Baba alishuka kwenye basi siku chache kabla ya Krismasi akiwa amebeba kikapu kilichofunikwa kwa gunia, na kabla hajafika uani watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kujaa nyuma yake. Alipofungua gunia alitoka ndege mkubwa mweusi, shingo nyekundu isiyo na manyoya. Akajitikisa, akatoa sauti iliyowafanya kuku wetu wakimbilie migombani. Mama alimzunguka mara moja, mikono nyuma, akauliza, "Na huyu analiwa?"

"Analiwa na wakubwa," Baba akasema.

Kwetu ni kwenye miinuko iliyo nyuma ya mji wa Homa Bay. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Osiri, huko Migori, akija nyumbani wakati wa likizo tu. Sasa Uhuru ulikuwa umekuja, mgodi ulikuwa unafungwa, na wazungu waliokuwa wakiuendesha walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Walipoondoka waligawa vitu vyao. Mmoja alipewa kitanda, mwingine baiskeli. Baba akapewa bata mzinga.

Tulijua sababu ya kupewa ndege badala ya kitanda. Baba alikuwa mpishi wao. Tangu nikiwa mdogo alitusimulia supu nyepesi unayoweza kuona chini ya bakuli, mikate iliyoumuka kama mito ya kulalia, na jinsi kila Krismasi walivyoivisha bata mzinga kwa moshi, mzima mzima, ndani ya pipa. Kijijini wazee walimwita Mpishi. Hata kanisani, mtu akitaka kujua kama Baba yuko, aliuliza, "Mpishi amekuja?"

Krismasi ile ilikuwa na uzito wake. Dada yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa na kijana wa Karungu, na watu wa kijana walikuwa wameomba kuja kututembelea siku hiyo hiyo kabla ya mazungumzo ya mahari kuanza. Mama alikuwa ametenga mbuzi. Baba akasema mbuzi abaki kambani, wageni watakula chakula ambacho hawatakisahau.

"Mchemshe basi, kama kuku," Mama akasema.

"Ndege huyu hachemshwi."

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, na kwa kuwa nilikuwa nimezoea kumfuata Baba kila aendako, ilikubaliwa kwamba wengine wataenda kanisani asubuhi na mimi nitabaki naye kumsaidia. Tulimchinja ndege jioni ya kuamkia Krismasi, tukamnyonyoa kwa maji moto, tukampaka chumvi, tukamlaza kwenye karai la kuogea watoto kwa sababu hakukuwa na sufuria ya kumtosha. Hata kwenye karai miguu ilitokeza nje.

Asubuhi Baba alisimamisha pipa la mafuta alilolikata mdomo, akapitisha vyuma viwili juu, akamfunga ndege kwa waya akining'inia katikati. Chini aliweka kuni za mpera na magunzi ya mahindi, akafunika juu kwa bati. Moshi ulipoanza kutoka pembeni alirudi nyuma, akashika kiuno na kutabasamu. Nilijivunia sana kuwa binti yake.

Tabasamu hilo halikudumu. Moto ulizimika, tukauwasha tena. Ukawaka mno, ngozi ya mgongoni ikaanza kupasuka, akamwagia maji, ukazimika tena. Aliinua bati, akafunika, akainua. Alibonyeza paja kwa kidole na kukiangalia kidole chake kana kwamba kingemwambia kitu. Watu wa pwani ya ziwa tunajua kukausha samaki kwa moshi, na mimi niliona wazi kwamba mtu anayejua kazi hainui kifuniko kila mara. Nikauliza, bila ubaya wowote, "Baba, kule mlikuwa mnajuaje kwamba ameiva?"

Alichutama, akasukuma gunzi motoni kwa kijiti.

"Sikuwa karibu," akasema.

"Vipi hukuwa karibu?"

"Mpishi alikuwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Kulikuwa na dirisha juu ya karo, pipa nililiona kutoka pale. Niliona kuni zinawekwa na moshi unatoka. Baadaye sahani zililetwa kwangu zikiwa na mifupa."

Yeye akaendelea, macho kwenye moto. "Nilipokuja likizo ya kwanza babu yako aliniuliza kazi gani nimepata. Mwanamume mzima, mwenye mke, amwambie baba yake anaosha sahani? Nikasema niko jikoni. Yeye mwenyewe ndiye akasema, basi wewe ni mpishi. Sikukataa." Halafu akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, neno ambalo hakuwa ameniita tangu nikiwa mtoto. "Mama yako asijue leo. Wageni wakiondoka nitamwambia mwenyewe."

Nikamwambia sitasema. Aibu iliyonishika pale haikuwa ya kazi yake. Ilikuwa ya kumwona baba yangu akiniomba kitu kwa sauti ile.

Wageni walifika mchana kwa lori la jamaa yao, wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwapo baba wa kijana, mzee mfupi mwenye koti zito, shangazi wa kijana, kijana mwenyewe, na mshenga wao, mtu mrefu aliyezungumza kwa niaba yao. Kijana alikaa karibu na mlango, hakufungua mdomo, kama inavyotakiwa. Mama aliwakaribisha, dada akawapa maji ya kunawa akiwa amepiga goti. Mshenga alimwangalia Baba kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Baba na mimi tulimleta ndege juu ya ubao tulioutandika majani ya mgomba. Siwezi kusema uongo, kwa macho alipendeza. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya samli iliyoungua na ilinukia nyumba nzima. Shangazi alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Mzee aliuliza kama ni kweli wazungu hula hivi, na Baba akasema ndiyo, kila Krismasi, na mimi niliangalia sakafu.

Alianza kukata kifuani. Vipande vya juu vilikuwa vyeupe na vizuri, akavipanga. Kisha kisu kikaingia karibu na paja, na mkono wake ukasita. Nilikuwa nimesimama upande wake, nikaona kabla ya wengine. Ndani nyama ilikuwa na rangi ya waridi, inang'aa, na karibu na mfupa damu ilitiririka ikaingia kwenye majani.

Alipaswa kuacha hapo. Aliendelea kukata, haraka zaidi, akaweka vipande kwenye sahani za bati, na dada akazipeleka kwa wageni.

Mzee wa Karungu aligeuza kipande chake upande huu na upande ule. "Labda wazungu huipenda hivi," akasema kwa upole, akimtafutia mwenyeji wake njia ya kutokea.

"Ndiyo," Baba akasema. "Huila ikiwa nyekundu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaomba baraka kimoyomoyo, akaitia nyama ile mdomoni. Shangazi akamfuata. Kijana naye, maskini, akauma. Nilimwona mzee akitafuna, taya likienda polepole, macho ameyakaza ukutani kama mtu anayemeza dawa. Walikuwa wakila nyama mbichi kwa heshima yetu. Nilitaka kuita, ila nilikuwa nimeahidi, na ulimi ukakaa.

Mshenga ndiye aliyerudisha sahani chini. "Hapana," akasema. "Mimi nilikuwa dereva wa lori kule mgodini. Bata mzinga yule tulikuwa tunaonjeshwa, na alikuwa ameiva hadi mifupa inachomoka." Halafu akamgeukia Baba, na uso wake ukafunguka. "Omera, ndugu yangu, ni wewe kweli. Tangu niingie nakutazama. Wewe si ndiye uliyekuwa nyuma ya jiko, unaosha vyombo? Ulikuwa unatuwekea mikate iliyobaki sisi madereva. Hunikumbuki?"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na furaha ya kumpata mtu aliyemlisha. Hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Dada alikuwa ameshika birika, na nilimwona akiliweka chini kwa mikono miwili. Baba alikuwa bado na kisu mkononi. Mwishoni akasema, "Nakukumbuka," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama akainuka. Sikuwahi kumwona akimkata Baba kauli mbele ya watu, na sikumwona tena baada ya siku hiyo. Alipita kwa kila mgeni akichukua sahani mkononi mwake. "Mtusamehe, watu wetu," akasema. "Nyama haijaiva. Mtakunywa chai kwanza." Mimi na yeye tulimbeba ndege hadi jikoni, tukamkatakata kwa panga, tukamgawa kwenye sufuria tatu na kumchemsha kwa vitunguu na nyanya, kama alivyotaka tangu mwanzo. Hakuniuliza kitu. Alisema mara moja tu, akiwa ameinama kupuliza moto, "Miaka yote hiyo," na sikujua kama anamlaumu au anamhurumia.

Wageni walingoja hadi jua likaelekea ziwani. Walipokula, walikula vizuri. Moshi ulikuwa umeingia kwenye nyama, na shangazi aliomba mchuzi mara ya pili. Baba alikaa nao, akajibu alipoulizwa. Kila mtu alikuwa na adabu mno. Walipopanda lori mzee alisema watakwenda kuzungumza, halafu watatuma neno.

Neno halikuja. Januari iliingia, watu wakaanza kulima, na dada hakuwa akisema na Baba. Alimwekea chakula, akaondoka. Kijijini habari zilikuwa zimefika kabla ya wageni kufika kwao, na watoto walianza kulitamka jina la Mpishi kwa namna nyingine.

Siku moja mshenga alikuja peke yake. Aliketi na Baba chini ya ukingo wa paa, nami nikawaletea uji.

"Watu wa kule hawana neno na sahani," mshenga akasema. "Nani hajafanya kazi ya mzungu? Mimi mwenyewe nimesafisha banda la mbwa wao. Kinachomsumbua mzee ni ile 'ndiyo'. Anasema, mtu huyu aliona damu, akaniacha nile."

Baba aliweka bakuli la uji chini. Halafu akasema, "Ana haki."

Si desturi yetu baba wa msichana kwenda nyumbani kwa watu wa kijana kabla mahari haijatoka. Inaonekana kama amekwenda kumtembeza binti yake sokoni. Mama alimwambia hivyo, na ndugu zake wakamwambia kwa ukali zaidi. Alivaa koti lake hata hivyo, akaniambia nifuatane naye, nadhani kwa sababu mimi tayari nilikuwa nimemwona katika hali mbaya zaidi. Tulipanda basi hadi Migori, tukabadilisha, tukafika Karungu mchana, jua kali, upepo wa ghuba ukirusha mchanga.

Mzee alikuwa uani akirekebisha jembe. Watu wengine walikuwapo, jamaa, majirani, wanawake wakiparua samaki. Baba hakungoja kukaribishwa ndani. Alivua kofia, akasimama pale juani.

"Nimekuja kwa ajili ya ile nyama," akasema. "Niliona kwamba ni mbichi. Niliona kabla yenu. Niliwaacha mle kwa sababu niliogopa kuonekana. Sikuwa mpishi, nilikuwa naosha vyombo, na uongo huo niliuanza mimi. Mke wangu hakujua. Binti mnayemtaka hakujua. Msimhesabie yeye."

Wanawake waliacha kuparua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kama watu wasemavyo. Nilimtazama Baba kwa upande. Alikuwa anatoka jasho, kofia ameikunja mikononi, lakini hakuangalia chini.

Mzee aliweka jembe. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alimwita kijana wake alete viti viwili, akaonyesha kwa mkono mahali pa kuviweka, kwenye kivuli cha nyumba yake mwenyewe.

"Mlitoka asubuhi bila kula?" akauliza.

"Tulikunywa chai," Baba akasema.

Wakatuletea ugali na ngege, samaki wa ziwani, aliyepikwa kwa nyanya. Mzee aliketi karibu na Baba, akamega kwanza, ndipo nasi tukamega. Kwa muda walizungumza juu ya mvua na bei ya pamba. Shangazi alinijia na maji ya kunywa, akanong'ona kwamba shamba la upande wa juu ndilo watakalompa dada yangu alime, kama ninataka kuliona kabla ya kuondoka. Nilitazama kwanza kama Baba amemaliza kula. Alikuwa bado anachagua miba, taratibu, na mzee alikuwa anamsogezea upande wa samaki wenye nyama zaidi. Nikaenda na shangazi kuangalia shamba.