Miiba Tuliyoisaga Longonot

Je, yale matawi ya miiba yalikuwa yameanguka au yalikuwa yamelazwa? Swali hilo lilininyima usingizi usiku tatu mfululizo. Hadi leo linanikasirisha, kwa sababu jibu lake lilikuwa mbele ya macho yangu kabla mimi mwenyewe sijainua mkono na kuiita mashine ipite.

Kumbukumbu za kazi huandikwa na watu waliostaafu, wenye mvi na saa ya ukutani waliyozawadiwa. Mimi nilifanya kazi hii miaka mitatu tu. Lakini najua mwaka huu tena vijana watatoka vyuoni na shahada za misitu, watapewa kofia ya plastiki na riboni, na wataambiwa wasiwe waoga. Ni hao ninaowaandikia.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Elburgon, katika shamba la mikaratusi na misipresi ambalo mwenyewe alitaka lipitishwe njia za kutembelea na kuendeshea baiskeli. Nilifika nikiwa nimevaa buti mpya zilizonibana na nimekariri kitabu kizima cha maelekezo ya mashine. Mashine yenyewe ni kama tingatinga dogo la minyororo, ila mbele halina koleo. Lina ngoma ya chuma inayozunguka, na ngoma hiyo ina meno. Likiukuta mti wenye unene wa paja, linausaga kuanzia juu hadi ardhini, na kinachobaki ni maranda yaliyotandazwa njia nzima kama zulia. Wafanyakazi waliiita Posho, kwa kuwa ilisaga mti kama mashine ya posho inavyosaga mahindi. Maranda wakayaita unga.

Kazi yangu iliitwa kutembea mstari. Unatangulia mbele ya Posho, mbali kiasi cha kutopigwa na mawe ambayo meno huyarusha. Unafunga riboni ya rangi ya chungwa kwenye kingo za njia na ya bluu kwenye mti usioguswa. Ukiinua mkono na kuukunja kuelekea kwako, operator, yule anayeiendesha mashine, anakuja. Ukiunyoosha tu, anasimama. Hakuna anayeshuka kuhakikisha. Mkono wako ndio neno la mwisho.

Foreman wa Elburgon alikuwa mzee aliyeanza kazi kwenye viwanda vya mbao akiwa kijana. Asubuhi ile alinitazama nikitembea mstari wangu wa kwanza, kisha akaniita.

"Madam, umeona nini?"

"Miti, mzee. Na mawe mawili."

"Rudi. Tembea kama mtu amepoteza pete ya harusi."

Nilirudi. Mara ya tatu ndipo buti langu lilipokwaa waya mnene wa chuma, ulioachwa na wavuta magogo wa zamani na kufunikwa na majani. Ungeingia kwenye ngoma ungejizungusha humo, na kipande kingechomoka kama risasi. Mzee hakunipongeza. Alisema tu, "Haya, sasa umeanza kazi." Nilikaa naye miezi minane, na sijawahi kuwa na amani kama ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu tabia yangu ya kufikiria jambo mara kumi ilikuwa na matumizi.

Kisha nikahamishiwa Gilgil, kwenye shamba la ng'ombe lililojaa vichaka vya leleshwa. Leleshwa ina mizizi migumu ajabu, na Posho ikiikata vibaya inaacha kisiki chenye ncha kama mkuki. Supavaiza wa pale hakujali visiki. Alijali umbali. Kila jioni alisimama kwenye pikapu yake na kuuliza tumefika wapi, na kama ni pungufu ya jana, mtu wa mstari ndiye aliyekuwa na makosa.

"Wewe unatembea ama unaomba rozari?" aliniuliza siku moja mbele ya watu wote.

"Naangalia visiki, boss."

"Visiki vinaangaliwa na buti ya mwenye kukanyaga. Songa."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nao. Hapo ndipo ninapojikasirikia zaidi. Hakuna aliyenilazimisha kubadilika. Nilianza mwenyewe kutembea haraka ili nisichekwe, na baada ya mwaka nilisifiwa kwenye mkutano kwamba nimeiva.

Nikiwa nimeiva hivyo ndivyo nilivyopelekwa Longonot. Mteja alikuwa na ardhi ya vichaka chini ya mlima, na alitaka njia ya mbio na ya watalii. Ingefunguliwa Jumamosi, na wa kwanza kuikimbia wangekuwa watoto wa shule ya msingi ya jirani. Foreman wa Longonot alikuwa mtu mcheshi, mwenye simu mbili, na juu yake alikuwepo Meneja wa Mradi, ambaye tulimjua kwa sauti tu kwa sababu hakutoka ofisini Nakuru. Operator wa Posho alikuwa Baba Shiku, mwanamume wa makamo aliyezungumza kidogo na kunywa chai nyingi.

Udongo wa huko ni majivu ya volkano. Ukiushika ni mwepesi kama unga wa ngano. Maji ya mvua hupita chini kwa chini na kuula kwa ndani, mpaka siku moja ardhi inapasuka. Haya niliyasoma chuoni na nikayajibu kwenye mtihani.

Jumatatu, kwenye kipande cha mwisho, nilikuta matawi makavu ya mgunga yenye miiba yamekatiza mstari wetu, yamepangana kwa safu. Nilisimama. Nikafikiri ni ua wa boma la zamani. Nikafikiri pia kwamba boma haliwi na ukuta mmoja. Ngoma ilikuwa inanguruma nyuma yangu, na Foreman alikuwa pembeni akiangalia saa. Nikainua mkono, nikaukunja. Baba Shiku akapita, na matawi yakawa unga.

Kesho yake alikuja mama mmoja mwenye mbuzi, anayejulikana pale kama Mama Naserian. Alisimama ukingoni mwa njia yetu mpya akiwa amekasirika.

"Nani alisaga miiba yetu?"

"Miiba gani, mama?"

"Ile tulilaza juu ya ufa. Hapa mbuzi wangu wawili waliingia. Mmoja tulimsikia akilia huko chini siku mbili, na hakuna kamba ilimfikia. Tukafunga na miiba ndiyo wanyama na watoto wajue."

Hiyo ndiyo desturi yao, na mtoto wa miaka minne pale anaijua: miiba iliyolazwa maana yake usipite. Sisi wenye vyeti tuliisaga.

"Mama, nionyeshe ni wapi."

Alitazama zulia letu safi la maranda, huku na huku. Vichaka alivyotumia kama alama havikuwepo tena. Alitembea hatua chache, akasimama, akarudi.

"Mmefuta kila kitu," alisema. "Hata mimi sasa sijui."

Nilimpeleka kwa Foreman. Alimsikiliza huku akitabasamu, akamshukuru, na alipoondoka akanigeukia.

"Hao hawataki njia ipite malisho yao. Wewe uliona ufa kwa macho yako?"

"Niliona matawi."

"Matawi siyo ufa, Madam. Hii digrii yako inakuletea maruweruwe."

Je, kama alikuwa amesema kweli? Nikilala niliona matawi yamelazwa, na nikigeuka upande wa pili niliyaona yameangushwa na upepo. Nikisema kuna ufa na haupo, nimeharibu siku ya watu, na hakuna kampuni itakayoniajiri tena. Nikinyamaza na upo, basi... Sikuweza kumalizia sentensi hiyo.

Jumatano baada ya kazi nilichukua mtaimbo na kuanza kuyadunga maranda, hatua kwa hatua, katika urefu wote wa kipande kile. Baba Shiku alinitazama kutoka kwenye kiti cha mashine, akamaliza chai yake, akashuka na mtaimbo wa pili.

"Mimi ndiye nilipita juu," alisema. "Na tani zote hizo. Mungu anajua kwa nini niko hapa."

Hatukupata kitu. Alhamisi jioni, jua likiwa limebaki kidogo, mtaimbo wangu ulizama wote. Uliponyoka mkononi mwangu kabisa, na sikuusikia ukigonga chini. Maranda ya pembeni yakaanza kumiminika kwenye lile tundu, taratibu, kama mahindi yanavyoshuka kwenye mdomo wa mashine ya posho. Tulirudi nyuma kwa magoti. Baba Shiku alivua kofia yake na hakuirudisha.

Tulifunga riboni kuzunguka pale, lakini sote wawili tulijua tumepata tundu moja tu. Ufa haukai mahali pamoja. Ulielekea wapi chini ya zulia lile, hatukujua, na kuukanyaga ili tujue hatukuthubutu.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka Foreman akaone. Tabasamu lilimpotea, nakiri. Alipiga simu Nakuru na kuiweka kwenye spika ili nisikie mwenyewe.

"Kashimo ka ukubwa gani?" Meneja aliuliza.

"Ka mtaimbo, bosi. Umeingia wote."

"Ongezeni unga hapo, mshindilie. Wageni wameshaalikwa. Na huyo msichana aweke sahihi kwenye fomu, tusirudi kwa hii maneno."

Fomu ya kukabidhi njia ina mstari mmoja wa maana: mtembea mstari anathibitisha kwamba ameitembea njia yote na haina hatari. Foreman aliiweka juu ya boneti ya pikapu na kunipa kalamu.

"Kalamu ni nyepesi kuliko mtaimbo," alisema. "Weka tuende."

"Siweki."

"Unajua vijana wangapi wamekaa Nakuru na digrii kwenye bahasha?"

"Najua. Nilikuwa mmoja wao. Siweki, boss."

 Alichukua kalamu mkononi mwangu, bila ukali wowote, akaweka sahihi yake mahali palipoandikwa cheo changu. "Umeona?" akasema. "Wala haikuwa ngumu." Akawaamuru watu wawili waende na toroli la maranda wakafunike tundu.

Mpaka dakika ile niliamini kukataa kunatosha. Ndivyo tunavyofundishwa sisi wenye wasiwasi: usiweke sahihi, mikono yako iwe safi. Lakini watoto wangekuja kukimbia kesho, sahihi iwe yangu au ya mwingine. Usafi wa mikono yangu haungemzuia hata mmoja wao. Hasira niliyokuwa nayo kwa Foreman, kwa Meneja na kwa Supavaiza wa Gilgil na rozari yake, yote ilinigeukia. Matawi yale hawakuyaona wao. Niliyaona mimi.

Nawaambia nyinyi mnaoanza: mtaita mashine ipasue njia za watu ambao hamtawaona kamwe, na mkichekwa kwa kusimama, simameni hivyo hivyo. Wasiwasi wenu siyo ugonjwa. Ugonjwa ni kungoja uhakika kamili wakati mtaimbo umeshazama. Mimi nilingoja tangu Jumanne.

Namba ya mwalimu mkuu ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo la mbio, lililobandikwa kwenye mlango wa pikapu. Niliipiga nikiwa nimesimama hapo hapo, Foreman akiwa hatua mbili kutoka kwangu.

"Madam, kata hiyo simu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimaliza kuongea, umemaliza kazi."

Mwalimu alipokea. Nyuma yake nilisikia watoto wakifanya mazoezi, filimbi ikilia.

"Mwalimu, usiwalete watoto kesho. Kuna ufa chini ya njia, na maranda yameufunika."

"Nimeongea na kampuni asubuhi hii," alisema. "Wameniambia njia imepitishwa. Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeipitisha mashine hapo. Palikuwa na miiba imelazwa, na nikaamuru isagwe."

 Filimbi ikalia tena, kisha nikamsikia akimwambia mtu asimamishe mazoezi.

"Ngoja nichukue kalamu," alisema. "Unaitwa nani?"

Nikamtajia majina yangu yote matatu, polepole, apate kuyaandika sawasawa.