Alama ya Kasiva kwenye Ngazi ya Kanisa

Kasiva Nthiwa hapendi kubishana. Ukimwambia maji hayawezi kufika mahali fulani, atakuuliza tu, "Umepima?" kisha ataendelea kufunga kamba za viatu. Mimi Kisilu, ninayemshikia stafu, ile rula ndefu kuliko mtu, nimemsikia akimuuliza hivyo chifu, mhubiri, na hata baba yake mzazi alipokuja kutoka Emali kumshawishi arudi kwenye duka la vipuri. Mzee alikunywa chai yake akapanda gari. Upimaji ndio bintiye alikuwa ameusomea, na upimaji ndio angefanya.

Kazi yetu Kibwezi ilikuwa mfereji. Maji yatoke mtoni, yafuate kingo za mashamba, yaishie kwa Mama Ndila, ambaye shamba lake ndilo la mwisho, nyuma ya kanisa. Mteremko wote kutoka mwanzo hadi mwisho haukufika gotini. Kwa macho, shamba la Ndila lilionekana liko juu kuliko mto, na watu walikuwa wameshaanza kumtania kwamba atateka maji kwa ngazi.

"Mwiitu wakwa," Ndila alimwambia Kasiva kama anavyosema na binti yake, "hayo maji yatapanda mlima kweli?"

"Hayatapanda, Mama. Yatateremka. Ni macho yenu ndiyo yanapanda."

Kupima kimo si uchawi. Unachagua mahali pasipotikisika, unapapatia namba. Kasiva alichagua ngazi ya kanisa, ile ya chini kabisa iliyopakwa polishi nyekundu. Akachonga kwa patasi alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, akaipaka rangi nyeupe, akaiita mia. Halafu unasimamisha leveli, ile darubini ya kupimia, kwenye miguu yake mitatu, unakituliza kiputo chake cha hewa katikati, unasoma stafu iliyo nyuma, kisha unasoma iliyo mbele. Tofauti ya namba hizo ndiyo tofauti ya kimo. Unahama, unarudia, mpaka ufike mtoni. Baada ya hapo, na hapa ndipo wengi huona uvivu, unapima tena kurudi ulikoanzia. Ukikuta mia yako, kazi imefunga. Ukikuta namba nyingine, umetembea tu juani.

Tulifika mtoni kabla mvua haijatufungia kazi. Tulipopima kurudi ilikuwa wiki nyingine, na mwethya, kile kikundi cha kijiji cha kufanya kazi pamoja, kilikuwa kimepanga kuanza kuchimba Jumatatu. Nikaweka stafu juu ya mkasi mweupe. Kasiva akasoma, akapiga hesabu. Akaniambia niinue stafu niiweke tena.

"Umeiweka sawa, Kisilu?"

"Sasa madam, kwani kuna njia ngapi za kuweka mti juu ya ngazi?" Nilikuwa nimechoka, na swali liliniudhi.

Kwa hesabu yake, ngazi ya kanisa ilikuwa imepanda sentimita tano.

Injinia Nyamai, msimamizi wa mradi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. "Watu wanachimba Jumatatu. Kama hatujui kosa liko wapi, mfereji unakatwa pale kwa darasa la Sunday school. Huyu mama wa mwisho atangoja mradi mwingine."

Ndila alikuwa amesimama karibu, ufagio mkononi. Nilimwonea huruma, maana sote tulijua mradi mwingine Kibwezi huja wakati gani.

"Tano ni nyingi mno, injinia," Kasiva alisema. "Ningekosea milimita, ningekubali. Tano sikukosea. Kuna kitu kimehama." Akachuchumaa, akaitazama ngazi kwa muda, akapitisha kidole kwenye mkasi. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Mama Ndila, alama hii niliichonga. Mbona haina shimo?"

Ndila akatabasamu, akijua amefanya vizuri. "Ngazi ilikuwa imemeguka, na askofu anakuja Jumapili. Sisi akina mama tumeimwagia simiti mpya, tukapiga polishi. Lakini hatukutupa msalaba wako. Tuliupaka tena hapo hapo, mahali pake. Mimi mwenyewe nilipima kwa kamba kutoka mlangoni."

Na kweli, mahali palikuwa sawasawa kabisa. Kimo tu ndicho hakuna aliyekifikiria.

"Simiti ni nene kiasi gani?"

Ndila alinyoosha vidole viwili, akavitenganisha. Kisha tabasamu likamtoka. Akatazama ngazi aliyoisugua ikang'aa, akatazama upande wa shamba lake. Nyamai akasema basi, tuchukulie ni tano, twende. Kasiva akakataa. Alisema yeye hachukulii, anapima.

Ndila aliomba patasi. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alivunja simiti yake mwenyewe, polepole, askofu akiwa njiani, mpaka mkasi wa zamani ukatokea chini, mweupe, umejaa vumbi. Nikaweka stafu ndani ya lile shimo. Kasiva akasoma.

"Mia," alisema. "Kasoro milimita mbili. Mama, andaa mbegu."

Mwethya ulichimba Jumatatu, na maji yalifika kwa Ndila, taratibu, yakiteremka. Leo ana sukuma wiki na nyanya mpaka ukutani mwa kanisa.

Kamati ya ujenzi imejaribu kuliziba lile shimo la ngazi. Wanasema linaaibisha kanisa, na wageni wanajikwaa. Kila wakija na simiti, wanamkuta Ndila ameketi juu ya shimo.

"Mmepima?" anawauliza.